Mfungwa Pekee Aliyenyooka

Sikilizeni habari za Neemani, nchi iliyo mbali kiasi cha kutosha, ili asije mtu akasema imemhusu. Ina bendera nzuri, wimbo mrefu, na mawaziri wengi kuliko madaraja. Katika nchi hiyo aliishi bwana mmoja, Shomvi Kitwana, ambaye kazi yake ilikuwa kuingia majumbani mwa watu bila kukaribishwa.

Shomvi hakuwa mwizi mkubwa. Huko Neemani mwizi mkubwa haitwi mwizi. Yeye alikuwa wa kuku, wa sufuria, wa nguo zilizosahaulika kambani. Siku alipotaka kupanda daraja, alipanda juu ya zahanati ya Mkole, akang'oa mabati, akaezekea nyumba yake mwenyewe.

Mkewe, Mwanahija, alimwuliza, "Haya mabati yametoka wapi?"

"Yametoka juu," alijibu Shomvi.

Mwanahija alikuwa amechoka kulala na beseni kitandani kukinga mvua. Hakuuliza tena, na kule kutouliza kukaja kumkereketa moyoni kwa miaka.

Siku Shomvi alipofikishwa mahakamani, aliyemtangulia kizimbani alikuwa mkandarasi mmoja, mtu wa suti, aliyelipwa na serikali kujenga zahanati nyingi akajenga ile moja ya Mkole tu. Hakimu alieleza kwamba Mahakama ilisafiri hadi mahali zahanati nyingine zilipotakiwa kuwa, ikatazama kwa makini, haikuona kitu. Na pasipo kitu hapana ushahidi. Mkandarasi akaachiwa, akaombwa radhi kwa usumbufu. Mabati ya Shomvi, kwa bahati mbaya, yalionekana vizuri, tena yaling'aa. Akapewa miaka mitano.

*

Wakati huo Serikali ilikuwa imezindua Mpango Kabambe wa Kuwanyoosha Wananchi Waliopinda. Wataalamu walikuwa wamegundua kwamba mfungwa akifundishwa kazi, akitoka hubaki nje. Asipofundishwa hurudi, na kila akirudi inabidi alishwe tena kwa fedha ya umma. Jambo hili lilikuwa kweli tupu, ndiyo maana lilichukua muda mrefu kukubaliwa.

Fedha ikatengwa. Ikaondoka Hazina kuelekea magerezani, na kama msafiri muungwana, ikawa inapita kuwajulia watu hali njiani. Ilipita wizarani, ikanunua magari ya kuufuatilia Mpango. Ilipita hotelini, ikakaa semina juu ya maana ya neno "kunyooka". Ilivuka mipaka kwenda kutazama magereza ya wenzetu, pamoja na maduka yaliyo jirani na magereza hayo. Ilipofika Gereza la Ng'ambo ya Mto, alikokuwa Shomvi, ilikuwa hoi. Ilileta jiko moja la kuokea mikate na kibao cha rangi kilichoandikwa CHUO CHA UNYOOFU. Unga haukuja. Unga ulikuwa katika awamu ya pili.

Gerezani hapo palikuwa na askari mwanamke, Sajini Stamili, mtu wa mwili mkubwa na maneno machache. Marehemu mama yake alilea watoto kwa kuuza mikate, na Sajini hakuweza kuvumilia kuona jiko zima likifugiwa kuku. Akawaomba askari wenzake wapunguze chapati zao, akapata unga. Hamira akanunua mwenyewe. Akachagua wafungwa wachache, Shomvi akiwamo kwa sababu alikuwa na vidole vyepesi.

"Kanda," alimwambia siku ya kwanza.

"Mpaka lini, afande?"

"Mpaka uache kuuliza."

Shomvi akakanda. Mwanzoni alikanda kwa hofu, halafu kwa mazoea, halafu siku moja mkate ukatoka umeumuka, una rangi ya asali, na mfungwa mwenzake aliyekuwa hajawahi kumsifu mtu akaumega na kusema, "Huu nani kaupika?" Shomvi hakulala vizuri usiku ule kwa furaha. Hakuwa amezoea kuulizwa swali hilo kwa wema. Mara zote watu walipotaka kujua "nani kafanya," walikuwa wameshika fimbo.

Kisha mtoto wa Sajini akaugua. Sajini akaondoka mbio, na kabla ya kutoka akamtupia Shomvi ufunguo wa stoo, mlimokuwa na sukari ya gereza zima.

"Mikate isilale," alisema, akaenda zake.

Shomvi akabaki na ufunguo mkononi. Maisha yake yote alikuwa akifungua milango bila ufunguo, na alijua la kufanya. Sasa ufunguo anao, hajui la kufanya. Alifungua, akapima sukari ya mikate, akafunga. Akarudi kuhakikisha kwamba amefunga. Jioni Sajini aliporudi, alipokea ufunguo bila kwenda kukagua stoo, na hapo ndipo Shomvi alipogeuka ukutani akajifanya amepaliwa na moshi.

*

Mwaka wa mwisho wa kifungo chake, Bunge la Neemani likachafuka. Wananchi walikuwa wakiwauliza wabunge wao kwa nini mwizi afundishwe kazi wakati vijana waaminifu wanashinda vijiweni. Wabunge, ambao hawakupenda kuulizwa, wakamwuliza Waziri wa Unyoofu, Mheshimiwa Dakta Ndimbwelu. Wakamtaka awaonyeshe mtu mmoja tu aliyenyooshwa na fedha yote ile.

Wizara ikasaka nchi nzima. Gereza moja lilimtoa mzee aliyeacha wizi, lakini ikabainika ameacha kwa sababu ya baridi yabisi. Jingine lilimtoa kijana mnyenyekevu sana, naye akaondoka na saa ya mkaguzi. Hatimaye wakafika Ng'ambo ya Mto, wakamkuta Shomvi amejaa unga mpaka kwenye nyusi, zikiwa zimebaki siku chache atoke.

Asubuhi ya kutoka ilipofika, Mwanahija alikuwa langoni na shati la mumewe lililopigwa pasi. Ndani, Mkuu wa Gereza, Afande Lugendo, alimketisha Shomvi kwenye kiti chenye takia.

"Shomvi, umenyooka."

"Ndiyo, afande."

"Basi huwezi kutoka."

Shomvi alidhani hakusikia. "Kifungo changu kimekwisha, afande."

"Kifungo kimekwisha. Sasa uko kwenye utumishi wa umma. Tukikuachia leo, Kamati ya Bunge ikija itaona nini? Itawaona wenzako, ambao hata mimi nawaogopa."

Lugendo hakuwa mtu mbaya. Alikwenda mwenyewe langoni kumweleza Mwanahija, akamletea na kiti.

"Alipoiba mlimchukua siku ileile," Mwanahija alisema, amesimama. "Ameacha, ndiyo mnamchelewesha?"

"Mama, wizi hujithibitisha wenyewe. Wema ndio wenye taratibu."

Mwanahija akalikunja shati, akarudi nyumbani.

*

Kamati ilikuja na magari mengi. Wakatembezwa, wakapigiwa ngoma, wakaketishwa mbele ya mikate ya moto. Walikula kwanza, kwa kuwa Kamati makini huanza na vielelezo. Kisha Mama Mwenyekiti, mbunge wa siku nyingi, akamwita Shomvi.

"Tueleze, mwanangu, ni kipengele gani cha Mpango kilichokunyoosha?"

"Afande Stamili alinipa ufunguo wa stoo, mama."

Waziri akainuka. "Anamaanisha ufunguo kwa maana ya kifalsafa, Mheshimiwa. Ufunguo wa maisha."

"Wa stoo ya sukari," alisema Shomvi, lakini wapiga picha walikuwa wameshasogea.

Mbunge mmoja kijana, ambaye alikuwa bado hajazoea, akauliza: kama mtu huyu amenyooka na kifungo kimekwisha, mbona yuko ndani?

"Swali zuri," alisema Waziri. "Mheshimiwa, huko nje kumejaa wezi. Tumechukua miaka mitano kumjenga huyu. Tumwachie akaharibike?"

Kamati ikapiga meza kwa nguvu, mikate ikaruka. Bajeti ikaongezwa mara tatu, na fungu maalumu likatengwa kwa ajili ya funguo. Baada ya muda kila gereza lilipelekewa ufunguo mmoja mkubwa wa shaba, uliowekwa ofisini ndani ya kioo. Haukuwa ukifungua chochote.

Sajini Stamili aliomba unga. Aliambiwa unga umo, ila umeunganishwa na utafiti.

*

Redio ya taifa ilitangaza mafanikio hayo kutwa mara tatu, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Vijana wasio na kazi walisikia kwamba kuna mahali mtu hulala bure, hula bure, na hufundishwa ufundi. Wakaanza kujipanga nje ya lango la Ng'ambo ya Mto. Walikuja na vyeti vyao vya shule, wamechana nywele, wakaomba kufungwa. Kijana mmoja alikiri makosa ya mtaa mzima, yakiwamo mawili yaliyotendeka kabla hajazaliwa.

Serikali, ili haki itendeke, ikaweka masharti ya kujiunga na gereza. Mwombaji awe amemaliza kidato cha nne, awe na wadhamini wawili wanaoheshimika, awe na tabia njema, na asiwe amewahi kutenda kosa lolote. Wa kwanza kufaulu usaili alikuwa Bwana Philemoni, shemeji yake Waziri. Aliingia na friji yake. Nyuma yake wakafuata wapwa, mabinamu na mtoto wa dereva wa mtu fulani.

Tatizo likawa vitanda. Afande Lugendo akamwita Shomvi tena, safari hii bila takia.

"Shomvi, nafasi yako inahitajika."

"Naachiwa?"

"Unapisha."

Shomvi alimshukuru Mungu kimoyomoyo, kisha akakumbuka jambo. "Afande, na cheti changu cha uokaji?"

Lugendo alionekana kusikitika kwa dhati. "Vyeti ni vya waliodahiliwa. Wewe hukudahiliwa. Wewe ulihukumiwa."

Sajini Stamili naye alikuwa ameondolewa jikoni, maana wanachuo wa sasa walistahili mwalimu mwenye shahada. Alipangiwa kulinda maegesho ya magari. Ndiye aliyemfungulia Shomvi lango. Wakasimama kidogo. Kisha Sajini akavua glovu, akampa mkono, kama mtu anavyompa mkono fundi mwenzake.

"Usipunguze chumvi," alimwambia. "Una tabia ya kupunguza chumvi."

*

Kitu cha kwanza alichofanya Shomvi baada ya kulala nyumbani ni kwenda Mkole. Mabati ya zahanati yalikuwa bado mahakamani, yakihifadhiwa kama kielelezo, na wagonjwa walikuwa wakinyeshewa kwa mwaka wa sita. Shomvi akakata makuti, Mwanahija akayasuka, wakaezeka pamoja. Nesi wa pale aliwatazama mpaka walipomaliza, akasema, "Safari hii ukishuka, shuka mikono mitupu." Wakacheka wote watatu. Shomvi alicheka kwa kuchelewa.

Kisha akajenga tanuri la udongo uani. Mikate ilipoanza kunukia, mtaa ulikuja kwa tahadhari, ukishika mifuko yake; baada ya wiki chache ulikuja bila kushika kitu. Wafungwa vijana waliofukuzwa gerezani kupisha wanachuo nao wakamfuata, kwa kuwa hakuna mwingine aliyewataka. Akawakabidhi unga. Akawaambia, "Kandeni."

Halafu akaja Bwana Afya wa halmashauri, kijana nadhifu mwenye kofuli. Alikula mkate, akausifu, akauliza cheti kutoka Chuo cha Unyoofu. Hakuna. Akafunga chumba cha tanuri, akaondoka.

Jioni Mwanahija alimkuta mumewe amekaa mbele ya lile kofuli. Lilikuwa kofuli la bei rahisi. Shomvi angelifungua kwa pini ya nywele huku akizungumza na mtu. Mwanahija aligusa nywele zake, akazikuta pini zote zipo, akakaa chini pembeni yake. Wakakaa hivyo mpaka kiza kikaingia, na kofuli likabaki limefungwa.

Siku zikaenda. Unga ukaingia wadudu. Wale vijana wakaanza kuchungulia kazi zao za zamani. Mmoja alikuja kuaga, na wote walijua anakwenda wapi.

Ndipo gari la Afande Lugendo likasimama mlangoni.

"Kamati inarudi," alisema, akifuta jasho. "Inataka kuonja matunda ya bajeti mpya. Sasa hawa wanachuo wetu wameoka mara moja tu, na tunashukuru zimamoto waliwahi. Waziri anakuomba uje siku moja. Uoke, uvae sare za mfungwa, useme wewe ni wa kundi la sasa. Ukitoka pale, cheti mkononi."

Alipoondoka, Mwanahija aliwasha jiko, akalizima, akawasha tena.

"Mara ile ya mabati sikukuuliza vizuri," alisema. "Leo nakuuliza. Ni uongo?"

"Ni uongo."

"Na cheti, ni cha kweli?"

"Cheti ni cha kweli. Tutafungua. Vijana watarudi."

Mwanahija alilizima jiko. "Mimi sikuzuii wala sikutumi," alisema. "Ila chochote utakachofanya, nitataka unihadithie chote, tangu mwanzo mpaka mwisho."

*

Shomvi akaenda. Akaoka tangu alfajiri, akavaa sare, akasimama kando ya Bwana Philemoni, ambaye sare yake ilikuwa imeshonwa na fundi wa mjini. Kamati ikala. Waziri akahutubia kwa kirefu, akasema kwamba shilingi inayopandwa gerezani huvunwa katika jamii, na kwamba mkate huu ni ushahidi unaoliwa. Shomvi alikuwa amejiandaa. Maneno aliyofundishwa aliyajua kwa moyo, na aliyarudia kimyakimya huku akitazama viatu vyake.

Mama Mwenyekiti, akiwa na makombo mdomoni, hakumwuliza lolote la maana. Aliuliza kwa upole tu, kama mtu anavyomwuliza mgeni hali ya safari:

"Umebakiza muda gani, mwanangu?"

Swali hilo hakufundishwa.

"Kifungo changu kiliisha zamani, mama," alisema Shomvi. Akasikia sauti yake mwenyewe ikiendelea, haina haraka. "Nilifukuzwa kupisha watu. Nimekuja leo kwa sababu nimeahidiwa cheti. Sare ni za kuazima. Mkate ni wangu, ila aliyenifundisha analinda magari yenu hapo nje."

Hakuna aliyepiga meza. Philemoni, aliyeelewa nusu tu, alipiga makofi mawili akaacha.

Taarifa ya Kamati ilitoka baadaye, na ni haki kusema iliandikwa kwa umakini. Ilieleza kwamba Mpango umevuka malengo, kwani mtu mmoja amenyooka kupita kiwango kilichokusudiwa, hata hatumiki tena. Ilipendekeza fedha zaidi kwa ajili ya kutafiti unyoofu wa wastani. Shomvi mwenyewe alikamatwa hapohapo mezani, kwa kosa la kujifanya mfungwa bila kibali.

*

Hakimu alikuwa yuleyule. Alisema kosa ni zito, kwani watu wakianza kujifanya wafungwa, wafungwa nao watajifanya watu. Akampa Shomvi mwaka mmoja.

Karani wa mahakama akamnong'oneza jambo. Hakimu akavua miwani.

"Gereza limejaa?"

"Limejaa, mheshimiwa. Orodha ya wanaosubiri ni ndefu, na huyu hana wadhamini wawili. Tena amewahi kutenda kosa. Hana sifa za kuingia."

Mahakama ikatafakari. Adhabu lazima itumikiwe. Gereza haliwezi kumpokea. Ikaamuliwa Shomvi afungwe nyumbani kwake, chini ya ulinzi wa askari anayelipwa na Serikali. Na kwa kuwa sheria ya Neemani inataka kila mfungwa afundishwe kazi, Serikali ikaamriwa kupeleka unga. Halmashauri ilipinga, ikataja kofuli lake. Hakimu akaiuliza tangu lini halmashauri ikawa na mamlaka ya kufunga gereza la Serikali. Kofuli likaondolewa siku hiyohiyo.

Likabaki suala la askari. Hakuna aliyetaka kituo kisicho na posho wala maegesho. Aliyeomba ni mmoja.

Sajini Stamili akawa anafika kila asubuhi. Anamkuta mfungwa wake yupo, anatundika kofia msumarini, anafunga aproni. Wale vijana wakarudi, hata yule aliyekuwa ameaga. Alirudi akiwa na jeraha kichwani, hakuulizwa. Unga ulikuja kwa gari la Wizara, wote, bila kupitia hotelini, kwa sababu katika vitabu vya Wizara nyumba ya Shomvi haikuwa sehemu ya Mpango, na hivyo hakuna mkubwa aliyejua kwamba kuna fedha inayokwenda huko. Wataalamu wanaotaka kuona mahali fedha ya umma ilipotumika kama ilivyokusudiwa wanashauriwa wasiende kutazama, wasije wakaitambulisha.

Asubuhi moja Mwanahija alikuwa akipanga mikate kikapuni. Sajini alimwambia, bila kuinua macho kutoka kwenye kinyunya cha unga, kwamba mwaka unakaribia kwisha, na kifungo kikiisha yeye atarudishwa kwenye magari, na unga utakatwa.

Shomvi aliacha kukanda. Vijana nao wakaacha.

Mwanahija alifunika kikapu, akajitwisha, akaelekea mlangoni.

"Basi tukate rufaa," alisema. "Waongeze."